Hofu ya Kiswahili iko mdomoni, vitabuni imekwenda wapi? Nitajieni riwaya za giza

#1 Kinyonga wa Mabibo

Wakuu, heshima kwenu.

Nina hoja na ombi. Hoja: Kiswahili kina mambo ya kuwanyima watu usingizi kuanzia Lamu mpaka Kigoma, ila mambo hayo yanaishi mdomoni. Umeme ukikatika, akaanza mtu kusimulia habari ya msukule, mliyemzika wenyewe kaonekana usiku shambani kwa jirani analima, ulimi umekatwa, anakula pumba, basi hata chooni mnasindikizana. Sasa nenda kanunue riwaya yenye mchawi jaladani. Kurasa za mwanzo unashika roho. Ukifika katikati anaingia mwalimu au mchungaji, anamwaga hotuba, mchawi anakamatwa, kijiji kinapiga ngoma. Unalala fofofo.

Ombi: nitajieni riwaya za kutisha kweli, za njozi za giza, na zile za kisayansi, za sayari na mashine na dunia zijazo. Za Kiswahili kwanza. Za Kiingereza nasoma pia. Na mwenye kujua kwa nini tuko hivi, aseme.

#2 Fundi Saa

Natandika mkeka hapa. Wajuvi waje.

#3 Nahodha Mstaafu

Kinyonga, anza na Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla. Maiti haina kichwa, imekutwa mzimuni. Ukimaliza kamata Kisima cha Giningi. Ukipata usingizi usiku huo njoo unidai.

#4 Msomaji wa Mwera

Nahodha, hapo hapana. Hivyo ni vitabu vya upelelezi. Bwana Msa, mpelelezi wao, anaingia na kiko chake, anauliza, anakaa anafikiri, na mwisho anafumbua kila kitu mpaka mzimu unabaki kuwa mahali tu, penye miti na mawe. Vizuri sana, mimi navipenda, lakini havikuandikwa kukutisha.

Tena hapo ndipo penye jibu la Kinyonga. Mzimu wa Watu wa Kale ulishinda shindano la East African Literature Bureau mwishoni mwa miaka ya 1950, ukachapwa 1960, ukapendwa. Maana yake riwaya yetu ya burudani ilianza na mtu ambaye kazi yake ni kuonyesha kwamba hakuna mzimu, kuna binadamu mwenye tamaa. Waliofuata wakapita njia hiyo hiyo. Katalambulla akaja na Simu ya Kifo mwaka 1965, kisha akina Musiba na Mtobwa. Chukua Salamu toka Kuzimu ya Ben Mtobwa: jina linatetemesha, ukifungua unamkuta Joram Kiango na ujasusi wake.

#5 Nahodha Mstaafu

Nimekusikia. Kichwa kilichokatwa kinatisha hata kama Bwana Msa anavuta kiko pembeni. Nabaki pale pale.

#6 Mtu wa Nansio

Mnazunguka mbali wakati kitu kipo. Euphrase Kezilahabi, mtu wa kwetu Ukerewe, aliandika Nagona (1990) na Mzingile (1991). Vijitabu vyembamba, kila kimoja hakifiki kurasa mia. Msimulizi anatembea katika nchi ambayo hujui ni ndoto, ni kuzimu, au ni ndani ya kichwa chake. Katika Mzingile kuna mzee anayetafutwa apelekewe habari ya kifo cha mwanawe, na ukianza kujiuliza mzee huyo ni nani hasa, mwili unasisimka. Kuna dunia iliyoteketea. Hakuna mchungaji wa kuja kuokoa mtu humo.

#7 Fundi Saa

Mtu wa Nansio, sema kweli ya Mungu, Nagona uliielewa? Mimi nilifunga kitabu mapema nikaenda kutafuta sato.

#8 Mtu wa Nansio

Sato huyo alikuwa wa kwetu pia, kwa hiyo hukwenda mbali. Kaka, ile isome usiku kwa sauti, na acha kutafuta dhamira na falsafa kama uko chumba cha mtihani. Isikilize kama unavyomsikiliza mgonjwa wa homa anavyoweweseka. Utaogopa kwanza, kuelewa kutakuja baadaye.

#9 Mwalimu Kitui

Hamjambo wadau. Hapo kwa chumba cha mtihani ndipo penye shida yenyewe.

Vitabu vya giza viko, tena vya waandishi wakubwa. Walenisi ya Katama Mkangi (1995): Dzombo anahukumiwa, anafungiwa ndani ya chombo cha kurushwa angani ili kifo kimkute huko, na chombo kinamtua katika nchi nyingine kabisa. Babu Alipofufuka ya Said Ahmed Mohamed (2001): marehemu anarudi kumshika mjukuu wake, mkubwa mmoja aliyeshiba na kuisahau dhamiri, na kumtembeza. Kivuli Kinaishi ya huyo huyo, hiyo ni tamthilia: nchi ya Giningi iko chini ya Bi Kirembwe, watu wamelishwa unga wa ndere wakawa hawaoni wanachofanyiwa.

Sasa niwaambie nilichokiona darasani. Mkisoma Kivuli Kinaishi kwa sauti, wanafunzi wote kimya, hata yule wa nyuma aliyezoea kulala ameamka. Kengele ikigonga hakuna anayetoka. Kesho yake tunafika maswali ya marudio: "Bi Kirembwe anawakilisha nani?" Wanaandika, "Uongozi mbaya." Alama mbili. Pale pale Bi Kirembwe anakufa. Hakuna mtoto atakayemwogopa tena, amegeuka kuwa jibu.

Na mchapishaji naye anaishi kwa shule. Kitabu kikiwa kiteule kinauzwa nchi nzima, kisipoteuliwa kinakaa ghalani. Mwandishi anayajua haya kabla hajashika kalamu. Akitunga zimwi lisiloshindwa, na lisilowakilisha chochote ila uzimwi wake, nani atampelekea mtoto wa kidato cha tatu?

#10 Kinyonga wa Mabibo

Mwalimu umenigusa. Yaani tunayo mazimwi, ila yote yameajiriwa kufundisha uraia.

#11 Bi Chake

Mwalimu amesema vizuri lakini hajamaliza.

Mimi mtu wa Pemba. Mwaka 1995 Popobawa, yule shetani wa usiku, alipoingia nilikuwa mtoto. Vyumba vilihamwa. Mikeka ilitandikwa uani na barazani, majirani wakalala pamoja, wanaume huku, wanawake na watoto kule, moto unawaka, Qur'ani inasomwa kwa zamu. Mama alichukua pindo la kanga yake akanifunga nalo mkononi ili nikiinuka usiku ajue. Ilikuwa yasemwa kwamba asiyemwamini ndiye atakayeendewa, na aliyeendewa sharti aseme mbele ya watu, akinyamaza atarudiwa. Basi asubuhi watu wazima walikuwa wanasimama kusema mambo ambayo mtoto hakupaswa kuyasikia, nasi twasikia. Baadaye habari ikavuka Unguja, ikafika mpaka Dar es Salaam.

Sasa n'ambie, yakhe, nani alikuwa akae kitako atunge riwaya ya Popobawa? Angeulizwa kwa nini amwita. Kwetu haya bado ni mambo yaliyotokea, na yanaweza kutokea tena. Mtu hutunga kwa raha kile kilichokwisha kumtoka moyoni.

#12 Kinyonga wa Mabibo

Shikamoo Bi Chake. Hiyo ya pindo la kanga imenikaa. Lakini mwisho wako sikubaliani nao. Bibi yangu aliamini kila neno la misukule, na hakuna msimulizi niliyemsikia akamfikia. Imani haikumzuia, ndiyo ilimpa nguvu.

#13 Bi Chake

Marahaba. Bibi alikuwa asimulia kwa watu anaowajua, na asubuhi yuko nao. Kuandika ni kumpa mtu usiyemjua, akafungua usiku peke yake. Si sawa hata kidogo.

#14 Abu Layth

Assalaam alaykum. Namuunga mkono Bi Chake. Majini wametajwa ndani ya Qur'ani, ipo na sura kwa jina lao. Mimi kuyafanya burudani naona uzito, na nadhani waandishi wengi wa pwani wanaona uzito huo huo, ila hawasemi. Hiyo nayo ni sababu, muiweke kwenye orodha.

Lakini kutishwa si lazima jini. Hapa Muscat mwanangu alinipa The Three-Body Problem ya Mchina, Liu Cixin. Kinaanza China mwaka 1967. Profesa wa fizikia anapigwa mbele ya umati mpaka anakufa, kwa sababu ya anayoyafundisha, na binti yake yuko pale anatazama. Miaka inapita, binti yule anajikuta kwenye kituo cha mitambo mlimani, na mkononi mwake kuna uwezo wa kupeleka sauti nje ya dunia. Mtu aliyeonyeshwa binadamu kwa namna ile, ukimpa kitufe cha kuwaita wasiokuwa binadamu, atafanya nini? Nilisoma mpaka alfajiri.

#15 Sista Wema

Abu Layth, nakuheshimu, ila wapo waliothubutu. W. E. Mkufya ana Ziraili na Zirani (1999). Malaika wa mauti, mbingu, jehanamu, na maswali ya imani ambayo mtu huwa anajiuliza akiwa peke yake hospitalini. Kizito. Nilikiweka chini mara nyingi nikakirudia.

#16 Popo wa Tom Mboya

Mimi vitabu vyangu ni vya mtumba, vile vinavyotandazwa kando ya barabara hapa Nairobi, kwa hivyo nasoma kinachokuja. Viwili kwa Kinyonga.

Pet Sematary ya Stephen King (1983). Daktari amehamia mji mdogo wa Maine. Nyuma ya makaburi ya wanyama kuna ardhi nyingine ya zamani. Paka wa binti yake anagongwa na gari, jirani anampeleka yule daktari usiku wakamzike huko, na paka anarudi. Ananuka udongo, anatembea kama amelewa, anakuangalia. King anakaa na huyo paka kurasa na kurasa. Ni paka tu! Lakini ukishamwona unajua ni nini kitazikwa pale baadaye, na huna namna ya kumshika yule baba mkono. Kinyonga, hiyo ni habari yako ya msukule, isipokuwa anayemtoa mtu kaburini anampenda.

Cha pili Wild Seed ya Octavia Butler (1980). Doro ameishi maelfu ya miaka kwa kuvaa miili ya watu. Akiuchoka mwili anauacha, anachukua mwingine, na mwenye mwili ndiyo basi. Mwaka 1690, Afrika Magharibi, anakutana na Anyanwu, mwanamke mganga anayeweza kujigeuza umbo, asiyezeeka. Doro anamtaka azae naye ukoo wa watu wenye uwezo. Damu haimwagiki ovyo humo. Kinachotisha ni jinsi mazungumzo yao yanavyokuwa ya upole.

#17 Dogo wa Chuo

Wakuu mwenye PDF za hivi vyote atupie hapa.

#18 Mwalimu Kitui

Kijana, mwandishi wa Kiswahili hata ukinunua anapata kidogo. Nunua.

#19 Dogo wa Chuo

Sawa mwalimu. Dar vinapatikana wapi?

#20 Nahodha Mstaafu

Jaribu duka la TPH (Tanzania Publishing House), Samora. Vya zamani vingi havichapwi tena, uwaulize wauza mitumba wa Posta, uache na namba yako.

#21 Mtunzi wa Zamu

Nimesoma kimya tangu mwanzo, sasa niseme. Mimi natunga hadithi za kutisha za kwenye simu. Kinyonga, hofu unayoitafuta haikupotea, imehamia huku. Sehemu za mwanzo naweka Facebook bure, ukitaka zilizobaki unatuma hela kwa simu unaingizwa kwenye kundi la WhatsApp. Wasomaji wangu ni wauguzi wa zamu ya usiku, walinzi, bodaboda wanaosubiri abiria, kina mama wakishalaza watoto. Hawa duka la vitabu hawaingii, na hakuna kamati inayowachagulia.

Ila kuna kitu kinaniumiza katika kazi hii. Kila sehemu lazima ikatikie mahali pabaya: mkono uko kwenye kitasa, kitasa kinazunguka chenyewe, ITAENDELEA. Siku nikiandika sehemu ambayo nyumba imetulia tu, mama anapepeta mchele, na mtoto anauliza kwa nini leo mbwa hawabweki, asubuhi nakuta ujumbe: "Mtunzi umechoka?" "Leo umetuibia." Na mimi ile ndiyo niliyoipenda kuliko zote, kwa sababu msomaji akivumilia pale, kesho mlango ukifunguka ataruka. Hawavumilii. Basi naua mtu. Kesho naua mwingine. Hadithi ikifika katikati msomaji ameshazoea maiti, inabidi niongeze jini, kisha joka, kisha jini mwenye joka. Aliyosema Popo kuhusu paka, kukaa na paka tu kurasa na kurasa, mimi sina ruhusa hiyo.

#22 Fundi Saa

Samahani, si wewe uliyetuachia mtu ndani ya jeneza akiwa hai ukapotea na hela zetu? Mke wangu mpaka leo anauliza kama alitoka.

#23 Mtunzi wa Zamu

Si mimi. Zangu zote zimeisha, na kwenye jeneza huwa natoa mtu.

#24 Msomaji wa Mwera

Mtunzi, umeeleza vizuri sana, ila usiilaumu sehemu kwa sehemu. Hiyo Three-Body ya Abu Layth ilitoka kwanza vipande vipande katika jarida la hadithi za kisayansi huko China, mwaka 2006, ndipo ikawa kitabu 2008. Tofauti ni kwamba jarida lina mhariri. Yupo mtu wa kusema "hapa kaa, usikimbie" na msomaji asipopenda, lawama haziji kwako saa hiyo hiyo. Wewe uko peke yako na wateja mia wanakuandikia usiku. Ninaanza kuamini tatizo letu ni hilo kuliko Bwana Msa niliyemtaja #4.

#25 Mwalimu Kitui

Wahariri wapo. Wanahariri vitabu vya shule.

#26 Mpwani wa Siyu

Mnasahau mashairi. Al-Inkishafi ya Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir. Mji wa Pate umekwisha. Mshairi anaiambia roho yake itazame nyumba za matajiri: taa zilizokuwa zikiwaka, sasa giza. Juu wananing'inia makinda ya popo. Vile vidaka vya ukutani vilivyopangwa sahani za Kichina, ndani yake wamelala makinda ya ndege. Hakuna mzuka hata mmoja, na wala hahitajiki. Ukitoka hapo ukaenda ukasimama kwenye magofu yenyewe wakati jua linazama, ukaona kidaka kitupu, utaondoka haraka.

#27 Dogo wa Chuo

Lakini hayo ni mawaidha, siyo hadithi ya kutisha.

#28 Mpwani wa Siyu

Na mawaidha yanatisha kwa nini, kama si kwa kutisha?

#29 Bi Chake

Mpwani kanikumbusha Adili na Nduguze ya Shaaban Robert (1952). Watu hukitaja kwa maadili. Mimi ninachokikumbuka ni liwali mwema, mpole, anayependwa na watu wake, ambaye kila usiku anawachapa viboko manyani wawili waliofungwa, kisha anawalisha vyakula vya heshima. Hujaambiwa kwa nini. Baadaye ndipo unajua hao manyani ni nani kwake. Na mji wa watu waliogeuka mawe, kila mmoja kwenye kazi yake! Asili yake Alfu Lela Ulela, najua, lakini ule usiku wa viboko kwa Kiswahili cha Shaaban hauna mfano.

#30 Dogo wa Chuo

Na Kusadikika si riwaya ya kisayansi? Nchi inaelea angani, mwaka 1951, kabla binadamu yeyote hajafika huko.

#31 Mwalimu Kitui

Inaelea, ila hakuna anayejali inaeleaje. Sayansi ni pale mtu anapouliza kinachoishikilia. Mle tuko mahakamani na Karama akijitetea mbele ya mfalme. Ni istiara.

#32 Mtu wa Nansio

Mwalimu, wewe mwenyewe #9 ulilalamika kwamba kila kitu kinageuzwa uwakilishi. Mwache kijana aone nchi inayoelea.

#33 Mwalimu Kitui

Hapo umenishika koti. Lakini Karama bado yuko mahakamani.

#34 Dogo wa Chuo

Kuna pia yule mama Mkenya aliyeandika Binti, imechukua tuzo kubwa.

#35 Popo wa Tom Mboya

Si Mkenya. Nnedi Okorafor ni Mmarekani, wazazi wake Wanigeria. Binti (2015) ilichukua tuzo za Hugo na Nebula. Msichana mwenyewe ni Mhimba wa Namibia, anatoroka nyumbani usiku kwenda chuo kikuu kilichoko sayari nyingine, amejipaka ule udongo mwekundu wa kwao. Ndani ya chombo wenzake wote wanauawa mbele yake, na kilichombakizia uhai mwanzoni hakielewi hata yeye. Ni kifupi, unakimaliza kwa siku moja. Ukikipenda mfuate Tade Thompson na Rosewater: Nigeria ya mwaka 2066, mji umeota kuzunguka kiumbe kilichotoka angani. Hicho kilipata tuzo ya Arthur C. Clarke mwaka 2019.

#36 Sista Wema

Kabla ya hao wote alikuwepo Amos Tutuola, The Palm-Wine Drinkard, 1952. Kuna kisa humo cha msichana aliyekataa wachumba wote, akamwona bwana mzuri sokoni, mzima, hana kasoro, akamfuata. Wakiwa njiani msituni yule bwana anaanza kurudisha viungo alivyovikodi. Anafika kwa mwenye miguu, anaivua, analipa kodi yake. Anafika kwa mwenye mikono, anaivua, analipa. Hivyo hivyo mpaka linabaki fuvu tupu linalorukaruka, na msichana akitaka kurudi fuvu linamkimbiza. Tutuola anakuandikia malipo kila kituo, kwa utulivu wa karani.

Sasa niambieni, hii si ndiyo hadithi ya mume zimwi ambayo kila mtoto wa pwani na bara ameisikia? Kwetu imebaki kwenye vitabu vya watoto, ina picha za rangi. Sielewi kwa nini sisi tulimpa mtoto yale ambayo Tutuola aliwapa watu wazima. Labda hilo ndilo jibu: tuliyakabidhi mazimwi darasa la tatu, yakabaki huko.

#37 Mzee Kipande

Habari za saa hizi wanangu. Dracula wa Wazungu kila mtu anamjua, mumiani wetu hamumtaji.

Wakati wa mkoloni, Nairobi, Kampala, Dar es Salaam, watu walikuwa na hakika kwamba wazimamoto wanakamata watu usiku na kuwatoa damu. Uganda waliwaita bazimamoto. Si popo wala jeneza. Ni mwajiriwa wa serikali mwenye sare, gari jekundu, zamu na mshahara. Baba yangu aliyekuwa kibarua mjini alikuwa akiliona lile gari linavuka upande wa pili wa barabara, na alikuwa mtu mwenye akili zake timamu. Mwanahistoria Luise White aliyakusanya masimulizi hayo akayatolea kitabu mwaka 2000. Wanahistoria wameandika. Watunzi wa riwaya mko wapi?

#38 Kinyonga wa Mabibo

Shikamoo mzee. Mumiani wa serikali mwenye mshahara, hilo linanitisha kuliko yote yaliyotajwa hapa.

#39 Abu Layth

Na hilo halina jini. Mimi nitalisoma.

#40 Kinyonga wa Mabibo

Mrejesho wakuu. Nilikwenda maktaba ya chuo nikapata kuisoma humo humo Mirathi ya Hatari ya C. Mung'ong'o, ya 1977, ambayo hakuna aliyeitaja na mimi nilidokezwa pembeni. Kijana Gusto anarithishwa uchawi na baba yake. Uchawi wenyewe unakuja kama shamba au ng'ombe wanavyokuja, kwa haki ya mtoto kwa mzazi. Hautoki kwa mgeni, unatoka mkono wa mtu aliyekulea, na kuukataa ni kumkataa yeye. Bi Chake, huyu aliandika kama anaamini, na ameweza. Wild Seed nayo nimeipata, niko pale Anyanwu anapokubali kupanda merini. Asiniambie mtu mbele kuna nini.

#41 Bi Chake

Nimesikia. Lakini uliisomea maktabani, mchana, na watu wamekuzunguka. Chukua nakala nyumbani kisha tuzungumze.

#42 Msomaji wa Mwera

1977 na mpaka leo anadokezwa mtu pembeni. Tanzania Publishing House walithubutu kuichapa. Kwa hiyo hata hoja yangu ya mhariri ina shimo, maana mhariri alikuwepo. Au tuseme ilikosa wa kuifuata?

#43 Mtunzi wa Zamu

Mzee Kipande, naomba kuuliza. Hilo gari jekundu, marehemu baba aliwahi kusema lilikuwa linapiga kengele au linapita kimya?

#44 Mzee Kipande

Likienda kwenye moto kengele ilisikika mtaa mzima. Waliloogopa ni lile linalopita bila kengele. Na alisema taa za mbele zilizimwa, ila hilo mimi nadhani waliongeza wenyewe vilabuni. Uliza lingine, niko macho.